Johor, Malaysia: mashamba ya michikichi yanageuka data senta. Wanafaidi wenyewe au wanabebeshwa mzigo wa Singapore?

Mtoto_wa_Pangani #1

Wakuu salaam. Niko Skudai, jimbo la Johor, kusini kabisa mwa Malaysia, mwaka wa tatu sasa nasoma. Kuna kitu nakiona kwa macho kila wiki na kinanikosesha raha, nimeona nikilete hapa.

Nilipofika, ukipanda basi kwenda Kulai ilikuwa michikichi kushoto, michikichi kulia, mpaka usingizi unakushika. Sasa hivi njia ile ile unakutana na majengo marefu meupe hayana dirisha hata moja, uzio mara mbili, nguzo za umeme mkubwa zimepandwa kama mihogo, na malori ya zege yanapishana mpaka usiku. Zote data senta, yaani majengo ya kuwekea seva, zile kompyuta zinazoendesha mambo ya mtandaoni. Mwaka 2021 jimbo zima lilikuwa na kama megawati 10 tu za data senta, mwaka 2024 zinafanya kazi zaidi ya megawati 1,300. Miaka mitatu!

Dai langu ni hili: Singapore imebanwa na ardhi, umeme na maji, ikamsukumia jirani mzigo, yenyewe imebaki na ofisi na mishahara minono. Johor inatoa maji yake, umeme wake, ardhi yake, halafu data yenyewe inaruka daraja inaenda kwa wenyewe. Nimekosea wapi? Wenye kujua waje.

Kasuku_Mweupe #2

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Mleta uzi leo usikimbie, uzi wako wa doriani uliuacha na maswali yetu yananing'inia.

Kijiti_cha_Moto #3

Kinachoniuma mimi ni hiyo michikichi. Malaysia walikuja kuchukua mbegu kwetu Kigoma miaka ya sitini, wakatajirika, leo wanang'oa wanaweka kompyuta na sisi bado tunaagiza mafuta ya kula kwao. Hapo ndipo ujue watu wanaona mbali.

Hesabu_Kali #4

Mleta uzi kwanza pole na masomo, pili hiyo namba umeibeba vibaya. Zaidi ya 1,300 ni jumla ya zilizowashwa, zinazojengwa, zilizoahidiwa na zilizo kwenye karatasi. Zilizokuwa zinawaka kweli 2024 ni sehemu tu ya hiyo. Kwenye hii biashara mtu akinunua kiwanja na kuomba umeme tayari gazeti linaandika megawati. Muulize siku zote: zimewashwa ngapi?

Ila hata ukikata nusu bado ni kubwa. Nikupeni kipimo cha nyumbani. Desemba 2023 YTL, kampuni ya Malaysia, walitangaza kushirikiana na Nvidia, wale wa chipu wa Marekani, dola bilioni 4.3, na eneo lao la Kulai limepangwa kufika megawati 500. Bwawa letu la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Yaani uwanja mmoja tu wa kampuni moja, ukijaa, unameza mitambo miwili ya Rufiji na inadai chenji. Uwanja mmoja.

Mzenji_wa_JB #5

Kijiti_cha_Moto alisema:
> Malaysia walikuja kuchukua mbegu kwetu Kigoma miaka ya sitini

Ndugu yangu, hii habari tunaipenda sana lakini siyo. Mchikichi ulitoka Afrika Magharibi, ukapandwa miche minne kwenye bustani ya Bogor kule Java mwaka 1848, ukafika Malaya miaka ya 1870 kama mti wa mapambo, na shamba la kwanza la biashara ni Tennamaram, Selangor, 1917. Miaka ya sitini wao walikuwa wameshaanza zamani. Kigoma ina michikichi yake na ina haki ya kujivunia, lakini hii ya mbegu tuiache.

Sasa turudi kwa mleta uzi. Nimeishi Johor Bahru na mume wangu miaka sita mpaka 2023, kwa hiyo nayaongea niliyoyaona. Ni kweli chanzo ni Singapore. Mwaka 2019 walisitisha vibali vya data senta mpya, kwa sababu zilikuwa zinakula kama asilimia 7 ya umeme wa nchi nzima. Wakafungua tena Januari 2022 lakini kwa kijiko: Julai 2023 waligawa kama megawati 80 tu kwa washindi wanne. Hiyo miaka mitatu ya mlango kufungwa ndiyo iliyoijenga Johor. Wateja walikuwa wameshika fedha mkononi, wakatazama ng'ambo ya maji, wakaona taa za Johor zinawaka pale pale.

Na ile njia ya kuvuka kwenda Singapore siyo daraja mwanangu, ni tuta. Lina kama kilomita moja, linabeba magari, reli na mabomba ya maji tangu 1924.

Kijiti_cha_Moto #6

Mama nimeipokea. Lakini mwalimu wangu wa darasa la sita ndiye aliyetufundisha hivyo na alikuwa mtu makini.

Kasuku_Mweupe #7

Mwalimu aachwe apumzike, tuendelee na megawati.

Stima_Mpya #8

Habari zenu. Niko Nairobi, nafanya kazi za data senta, za kupangisha rafu, yaani kabati za seva, siyo hizi za majitu makubwa. Nakubaliana na Mzenji lakini Singapore kufunga mlango haitoshi. Mbona hawakwenda wote Batam, Indonesia, pale ni feri tu? Watu walikwenda Batam pia lakini wengi wakachagua Johor. Sababu kwa macho yangu ni stima. Siyo bei ya stima, ni HARAKA ya stima.

Agosti 2023 shirika lao la umeme, TNB, lilifungua njia maalum ya data senta, wakaiita njia ya kijani, kuunganishiwa laini kubwa ndani ya miezi 12 badala ya miaka mitatu minne. Kwenye hii kazi hakuna kitu kinaua mradi kama kungojea transfoma na laini. Nimekaa kwenye mradi hapa, jengo limeisha, rafu zimesimama, jenereta zimepimwa, tukangojea stima mpaka mteja akapeleka seva zake nchi nyingine. Mtu akikuambia mwaka mmoja unapata, na ana historia ya kutimiza, unahama hata kama ardhi yake ni ghali.

Mtoto_wa_Pangani #9

Shukrani mama Mzenji na Stima, nimerekebishwa, tuta siyo daraja na 1,300 siyo zinazowaka. Lakini hakuna aliyenijibu swali. Nani anafaidi?

Mimi nakaa kwenye nyumba ya kupanga tuko wanne. Saa kumi na moja alfajiri siwezi kulala kwa pikipiki. Ni vijana wa hapa hapa wanakwenda kuvuka tuta kufanya kazi Singapore, maelfu kwa maelfu, makoti ya mvua wameyavaa kinyume mbele nyuma ili upepo usiwapige kifua. Dola moja ya Singapore ni zaidi ya ringgit tatu za Malaysia. Kijana amesomea umeme, data senta iko dakika ishirini kutoka kwao, yeye anavuka tuta, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa sababu kule mshahara ule ule ni mara tatu. Sasa hayo majengo yanamsaidia nini?

Na mwaka jana maji yalikatika mtaani kwetu siku mbili, tukaoga kwa ndoo.

fundi_baridi #10

Salaam kutoka Muscat. Mimi ni fundi wa chila, zile mashine kubwa za kupoza maji, na minara ya kupoozea, mwaka wa kumi na moja huku, hospitali, mahoteli na sasa data senta. Nimeona neno maji nikaamka.

Watu wengi wanadhani kompyuta inakunywa maji. Haiko hivyo. Seva inatoa joto, umeme wote unaoingia ndani ya seva unatoka kama joto, wote, haubaki hata kidogo. Kilowati kumi ikiingia rafuni, kilowati kumi ya joto lazima uitoe nje. Rafu za zamani zilikuwa kilowati tano, nane. Hizi za akili mnemba unakuta rafu moja inapita 100. Hiyo ni kama kuwasha pasi mia moja ndani ya kabati la nguo.

Sasa joto unalitoa vipi. Njia ya kwanza ni feni kavu juu ya paa, kama kondensa ya eisii ya nyumbani, haili maji lakini inakula umeme zaidi. Njia ya pili ni mnara: maji ya moto yanamwagwa kwa juu, upepo unapita, sehemu inageuka mvuke inaondoka na joto, yaliyobaki yamepoa yanarudi. Yale yaliyoondoka kama mvuke lazima uyajazie. Na siyo hayo tu. Maji yakiyeyuka chumvi inabaki, usipomwaga sehemu na kuweka mapya unapata ukoko mweupe mgumu kama gamba la yai ndani ya mabomba, nimekwangua mimi kwa mikono yangu hizi, kwa hiyo kuna maji ya mvuke na maji ya kumwaga.

Johor ni mbaya zaidi kwa mnara kuliko huku Muscat wakati wa kipupwe, kwa sababu hewa yao imeshashiba unyevu, mvuke hautoki vizuri. Mleta uzi nakuomba kitu. Siku moja pita pale kabla jua halijachomoza, tazama juu ya paa. Ukiona wingu jeupe linapanda, wanatumia minara ya maji. Kisha rudi utuambie.

Hesabu_Kali #11

Mtoto_wa_Pangani alisema:
> Nani anafaidi?

Nikupe maelezo ambayo hayasemwi sana. Malaysia ilikuwa na mitambo ya umeme mingi kuliko mahitaji, na baada ya korona ndiyo kabisa. Mikataba yao na wazalishaji binafsi ina kipengele cha kulipia uwezo: mtambo uwashwe usiwashwe, mwenye mtambo analipwa kwa kuwepo. Kwa hiyo nchi ilikuwa inalipia umeme ambao hakuna anayeutumia. Akija mteja anayekula saa 24 bila kupumzika, mchana na usiku sawa sawa, huyo ni mteja wa ndoto. Anakusaidia kulipia gharama ambayo ungeilipa hata asingekuja.

Ndiyo maana mimi siamini hii habari ya kwamba wamebebeshwa. Mwanzoni walikuwa wanauza kiporo. Swali la haki ni siku kiporo kitakapoisha na ikabidi kupika upya. Hapo nani analipia mtambo mpya? Ndiyo maana Julai 1, 2025 walibadilisha mfumo wa bei ya umeme wa Rasi yote ya Malaysia na kuweka kundi jipya la wateja wa msongo mkubwa sana, na data senta bili yao ikapanda. Wameshaanza kuhesabu.

Stima_Mpya #12

Hesabu hiyo ya kiporo ni kweli lakini umeruka kitu: ni kiporo cha makaa na gesi. Umeme wa Malaysia kwa sehemu kubwa ni makaa ya kuagiza na gesi. Halafu hao hao wateja wakubwa wana ahadi za nishati safi kwenye ripoti zao kila mwaka. Hapa Kenya sisi tuna umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ndiyo maana Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa dola bilioni 1 pale, kuanzia megawati 100. Tuna stima safi, hatuna haraka. Wao wana haraka na wana makaa. Mteja alichagua haraka.

Mkaa_Kimya #13

Mimi nimekaa kimya nasoma. Mnasahau Johor ina historia ya mafuriko ya pesa ambayo hukauka. Kuna Forest City, mji mzima uliojengwa juu ya bahari iliyofukiwa na Country Garden ya China, walipanga wakae watu 700,000. Nendeni leo mkahesabu madirisha yenye taa. Ile nayo ilianza hivi hivi: jirani ni Singapore, ardhi rahisi, pesa inamiminika, magazeti yanaimba.

Data senta ni mbaya zaidi kuliko ghorofa. Ghorofa likikosa wapangaji unaweza kuligeuza hosteli. Jengo lisilo na dirisha utaligeuza nini? Na chipu za akili mnemba zinazeeka ndani ya miaka michache. Hii ya akili mnemba ikipoa, Johor itabaki na kuta nyeupe.

Mzenji_wa_JB #14

Mkaa_Kimya, Forest City nimefika na watoto siku ya sikukuu. Baraza za maduka zimepigwa dawa ya sakafu zinang'aa, hakuna mtu, mlinzi anatembea na baiskeli. Inatia simanzi kweli. Lakini sifananishi. Forest City walikuwa wanauzia watu fleti ambazo wanunuzi wenyewe hawakuwa na mpango wa kuishi, halafu serikali ya China ikabana watu kutoa fedha nje, ikaisha. Data senta nyingi hazijengwi mpaka mpangaji asaini, tena miaka mingi. Tofauti ipo.

Pia mleta uzi, kuhusu maji usiharakishe kulaumu data senta kwa ndoo zako. Maji ya Johor yalikuwa na matatizo kabla. Bwawa la Linggiu lilishuka hadi asilimia 20 Oktoba 2016, wakati huo hizi data senta hazipo. Na kuna mkataba wa 1962, Singapore ina haki ya kuchukua galoni milioni 250 kwa siku kutoka Mto Johor mpaka 2061, kwa sen 3 kila galoni elfu. Sen tatu! Kwa hiyo mto mmoja unalisha wenyeji, viwanda, mashamba, jirani, na sasa hawa.

Mtoto_wa_Pangani #15

Mama umenipa silaha badala ya kunipokonya. Kama mto tayari una wenyewe wanne, kumuongeza wa tano ndiyo hoja yangu!

Nondo_Tupu #16

Mmezunguka sana, mzizi ni China na Marekani. Tazameni wapangaji wa Johor. GDS, kampuni ya data senta ya China, walikuwa wa mwanzo mwanzo pale Nusajaya. ByteDance, wenye TikTok, Juni 2024 waziri wa Malaysia alitangaza wanaleta kama ringgit bilioni 10. Kampuni ya China ndani ya China inanyimwa chipu kali za Marekani. Ikipangisha seva Malaysia zilizonunuliwa na mwenye jengo ambaye siyo Mchina, inafanya kazi yake.

Na Marekani wameliona. Januari 2025 walitoa kanuni ya kugawa nchi kwa mafungu, Malaysia ikawekwa fungu la kati lenye kikomo cha chipu. Mei wakaifuta. Julai 14 mwaka huo huo Malaysia wenyewe wakatangaza kwamba chipu kali za Marekani hazitoki wala kupitishwa nchini bila kibali. Kwa nini nchi ijitie kamba yenyewe? Kwa sababu inajua biashara yote imekaa juu ya sahihi ya mtu mmoja Washington. Kwa hiyo siyo maji, siyo stima, siyo tuta. Ni siasa ya chipu. Ikibadilika, mchezo umekwisha asubuhi.

Hesabu_Kali #17

Nondo umekuja na nondo kweli, lakini hiyo haielezi Google kuweka dola bilioni 2, Microsoft 2.2, zote Mei 2024, AWS ya Amazon 6.2 mpaka 2038, Oracle zaidi ya 6.5. Hao siyo Wachina wanaojificha.

Nondo_Tupu #18

Na wewe umechanganya. Wengi wa hao wako upande wa Kuala Lumpur. Google wamejenga Elmina, Selangor. Uzi ni wa Johor.

Hesabu_Kali #19

Sawa, hiyo nakupa. Lakini chipu hazijajibu kwa nini mwaka 2022 watu walikuwa wameshaanza kununua viwanja Sedenak, huko huko Johor, kabla ya akili mnemba kushika moto. Wakati huo ilikuwa video, duka la mtandaoni na klaudi ya kawaida tu. Na usisahau ringgit: Februari 2024 ilishuka kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1998. Mwenye dola alikuwa ananunua kwa punguzo.

Kasuku_Mweupe #20

Karanga zimeisha nimehamia mahindi. Mpaka sasa mshtakiwa ni Singapore, TNB, mitambo ya kiporo, China, Marekani na ringgit. Mwalimu wa Kijiti tu ndiye hajatajwa tena.

Nyota_ya_Kivu #21

Jambo bandugu. Mu hizo seva muko pia madini ya tantalum ya huku kwetu, Kivu. Vijana wanachimba Rubaya kwa mikono, gunia mgongoni, mvua ikinyesha mlima unaanguka. Mukihesabu nani anafaidi, muanze hesabu huku chini ya mlima, musianzie Singapore.

Mtoto_wa_Pangani #22

Nyota karibu, na pole sana kwa wote huko. Hiyo kweli hatukuianza mahali pake.

Stima_Mpya #23

Niongeze la ajira maana mleta uzi aliuliza. Wakati wa kujenga kuna watu wengi, mafundi wa zege, wa mabomba, wa nyaya, na huko najua wengi ni vijana wa Bangladesh na Nepal. Likishawashwa wanaondoka. Zamu yangu ya usiku tunakuwa watatu: mlinzi, mimi, na fundi wa umeme anayezunguka kusoma mita. Unapita mlango wa kuingia mmoja mmoja, ule unaokupima uzito usije ukapitisha mtu mgongoni, unavaa koti maana njia ya baridi inakung'ata, ukivuka njia ya moto nyuma ya rafu unavua koti. Kelele mpaka tunaongea kwa vidole. Pesa iliyomo mle ndani ni ya kujenga mji, na tuko watu watatu.

Lakini nisidanganye, hiyo kazi imenisomeshea wadogo zangu wawili. Ajira chache siyo sawa na ajira mbaya. Johor wakiwa wakali kwenye mikataba, wakadai chuo cha hapo hapo kifundishe na mishahara isogee, yule kijana wa pikipiki anaweza kubaki upande wake wa tuta.

Mzenji_wa_JB #24

Na wameanza ukali. Jimbo liliunda kamati ya kupitia maombi, 2024 ikakataa karibu asilimia 30. Na Novemba 2025 wakasema data senta za daraja la 1 na la 2 hawapitishi tena, kwa sababu ya maji, afisa alitaja hadi lita milioni 50 kwa siku. Kwa hiyo wenyeji siyo mabubu.

fundi_baridi #25

Mama Mzenji kwa heshima zote, hapo kwenye madaraja pana mchanganyiko. Haya madaraja 1 mpaka 4 tunayoyatumia kwenye fani yanapima uhakika: una njia ngapi za umeme, una chila ya akiba, unaweza kufanya matengenezo bila kuzima. Hayapimi maji hata tone. Unaweza kuwa na daraja la 4 linalokunywa mto na daraja la 2 lenye feni kavu lisilogusa bomba. Ukikataza kwa daraja tu, mwenye minara mikubwa anaongeza njia ya pili ya umeme, anapanda daraja, anapita na kiu yake. Wakitaka kuokoa maji waandike lita kwa kila kilowati-saa, wafunge mita, wasome mita.

Na walazimishe maji taka yaliyosafishwa. Singapore wana NEWater tangu 2003 na inakwenda kwenye minara ya viwanda. Mnara hauhitaji maji ya kunywa. Nimewahi kuendesha mnara kwa maji ya namna hiyo hapa Muscat, unabadilisha dawa, unamwaga mara nyingi zaidi kidogo, basi.

Jingine, baridi yenyewe tunapitiliza. Singapore Juni 2023 walitoa kiwango cha data senta za joto, wakasema ukumbi unaweza kukaa nyuzi 26 na zaidi, na kila nyuzi moja unayopandisha unaokoa asilimia 2 mpaka 5 ya umeme wa kupoozea. Nimeshabishana na mabosi wengi kuhusu nyuzi mbili tu. Mteja akiingia anataka atetemeke ndipo aamini.

Mzenji_wa_JB #26

Nimekusoma fundi, na hiyo ya daraja sikuijua. Asante.

Mkaa_Kimya #27

Bado hakuna aliyejibu la kuta nyeupe.

Mtoto_wa_Pangani #28

Wakuu nimerudi. Jumamosi niliamka saa kumi, rafiki yangu Mmalay ana pikipiki, tukaenda upande wa Kulai kabla jua halijachomoza, huku linachomoza saa moja. Hatukusogea getini, tulisimama kwenye kibanda cha chai barabarani.

Fundi, nimeona. Jengo la kwanza kimya, paa lina mistari ya feni nyingi sana, hakuna wingu. La pili, mbele kama kilomita moja, juu yake mawingu manane yamesimama, meupe kabisa, yanapanda taratibu yakifika juu yanalala upande mmoja. Jua lilipotoka, ndani ya nusu saa hayakuonekana tena. Mama muuza chai nikamuuliza, akasema yeye hajui ni nini, ila wajenzi walikuwa wananunua nasi lemak, wali wa nazi wa huku, pakiti mia kila asubuhi, sasa jengo limeisha anauza thelathini. Mume wake alikuwa mkata ngazi za michikichi kwenye shamba lililokuwa pale, sasa ni mlinzi wa geti. Nikamuuliza ipi bora. Akasema mshahara wa geti unakuja tarehe ile ile kila mwezi, lakini shambani walikuwa na nyumba.

Nimekaa na hilo jibu siku mbili.

fundi_baridi #29

Kazi nzuri sana kijana. Ila angalizo: wingu kupotea jua likitoka siyo kwamba wamezima, mvuke unaendelea kutoka, hewa imepata joto huuoni tu. Saa sita mchana ndipo unatoka mwingi zaidi. Na lile la feni usilipe sifa mapema, kuna feni zinazonyunyiziwa maji siku ya joto kali. Rudi saa nane mchana, tafuta kama chini ya feni pamelowa.

Kijiti_cha_Moto #30

Hapo kwenye nyumba ya shambani nimeguswa. Walipewa fidia? Na sasa wanakaa wapi?

Mtoto_wa_Pangani #31

Wanapanga vyumba viwili Kulai mjini. La fidia sikumuuliza, wateja walikuwa wamejaa. Nitarudi saa nane mchana kama fundi alivyosema, nitapita kwake.